Nani Aliyehesabiwa? Historia ya Upimaji wa Mabadiliko ya Jeni katika Saratani ya Mapafu na Nafasi ya Rulenge, Kagera

1.0 Utangulizi

Mgonjwa anayefika katika hospitali ya Rulenge, wilayani Ngara, akiwa na kikohozi kisichokoma, makohozi yenye damu na mwili unaokonda, huanza kuchunguzwa kifua kikuu. Hatua hiyo ni ya busara. Kifua kikuu kipo, kina dawa, na makohozi hupimika karibu na nyumbani. Ikiwa vipimo havioneshi kifua kikuu na picha ya eksirei bado ina kivuli, mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, safari ambayo kwa miaka mingi ilipitia kivuko cha Kigongo–Busisi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025. Wapo wasiofika. Anayefika, akachukuliwa kipande cha tishu na kuambiwa kuwa ana saratani ya mapafu, amekwisha kupita milango mingi ambayo wenzake hawakuivuka.

Katika hospitali za Tokyo au Boston, jibu la saratani ya mapafu hufuatwa mara moja na swali jingine: seli za uvimbe huo zimebeba badiliko gani la jeni? Swali hili lina umri wa takribani miongo miwili tu. Makala haya yanachunguza historia yake, na jinsi asilimia zinazonukuliwa leo katika vitabu vya tiba zilivyopatikana: nani alipimwa, wapi, na kwa sababu gani. Hoja kuu ni kwamba hesabu ya mabadiliko ya jeni imekuwa ikifuata njia ya dawa. Mahali ambapo dawa ilikuwa imefika au inauzwa, watu walihesabiwa. Mahali ambapo haikufika, hawakuhesabiwa, na pengo hilo likaja kusomwa kana kwamba ni habari kuhusu miili yao.

Ili kuithibitisha hoja hiyo nimelazimika kutoka nje ya saratani ya mapafu na kutazama historia mbili nyingine zilizo karibu na Rulenge: ile ya limfoma ya Burkitt, saratani ambayo hospitali za misheni za Afrika Mashariki zilishiriki kuihesabu, na ile ya malaria, ambayo kwayo wagonjwa wa mkoa wa Kagera wamo katika majedwali ya dunia ya mabadiliko ya jeni. Msomaji atawiwa radhi kwa mzunguko huo. Bila historia hizo mbili, ukimya wa majedwali ya saratani ya mapafu kuhusu eneo hili huonekana kama jambo la kawaida.

2.0 Jinsi asilimia za saratani ya mapafu zilivyoundwa

Jeni ni sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kutengeneza protini. Badiliko la jeni linalozungumziwa hapa si lile ambalo mtu huzaliwa nalo au kumrithisha mwanawe. Ni badiliko linalotokea katika seli za pafu wakati wa uhai wa mtu, likazifanya seli hizo zigawanyike bila kukoma. Tofauti hii inahitaji kusisitizwa mapema, kwa kuwa mjadala wa asilimia kwa mabara na makabila huwafanya wasomaji wengi wadhani kwamba linalopimwa ni damu ya ukoo.

Mwanzo wa historia hii ulikuwa moshi wa sigara. Mwaka 1950 Doll na Hill walichapisha nchini Uingereza matokeo yaliyohusisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu, na kwa miongo kadhaa ugonjwa huu ukatazamwa kama ugonjwa mmoja wenye chanzo kimoja. Mwaka 1984 badiliko la jeni iitwayo KRAS lilipatikana katika uvimbe wa pafu la binadamu. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa kisayansi, lakini kwa mgonjwa haukubadili kitu, maana dawa ya kulishambulia badiliko hilo haikuwapo. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, sotorasibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021, miaka 37 baadaye.

Jeni iliyobadili utaratibu wa hospitali ni EGFR. Protini yake hukaa kwenye utando wa seli na kupokea ishara za ukuaji. Dawa ya gefitinibu, inayoizuia protini hiyo, iliidhinishwa Japani mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003 kabla ya yeyote kueleza kwa nini iliwasaidia wagonjwa wachache mno huku wengine ikiwapita kama maji. Walionufaika walikuwa na sura inayofanana: wengi walikuwa wanawake, watu wasiovuta sigara, wenye aina ya saratani iitwayo adenokasinoma, na wenye asili ya Asia ya Mashariki. Mwaka 2004 makundi matatu ya watafiti nchini Marekani yalichapisha jibu karibu kwa wakati mmoja: uvimbe wa wagonjwa hao ulikuwa na mabadiliko katika EGFR. Mabadiliko ya aina mbili, yaani kupungua kwa kipande katika eksoni ya 19 na badiliko moja katika eksoni ya 21 lijulikanalo kama L858R, ndiyo yaliyo mengi kuliko yote.

Hapa mpangilio wa matukio unahitaji kuangaliwa kwa makini. Dawa ilitangulia, badiliko la jeni likagunduliwa kwa kuwafuata waliopona, ndipo hesabu ikaanza. Utafiti uliojulikana kwa jina la IPASS, uliochapishwa mwaka 2009, ulihusisha wagonjwa 1,217 wa Asia ya Mashariki waliochaguliwa kwa sababu walikuwa na adenokasinoma na hawakuvuta sigara au waliwahi kuvuta kidogo. Tishu za wagonjwa 437 zilifaa kupimwa EGFR, na 261 kati yake, karibu asilimia 60, zilikuwa na badiliko. Waliokuwa nalo walifanya vizuri zaidi kwa gefitinibu kuliko kwa tiba ya kemikali, na wasiokuwa nalo walifanya vibaya zaidi. Tangu hapo kumpa mgonjwa dawa hiyo bila kumpima kukawa ni kubahatisha. Mwaka 2014 utafiti wa PIONEER, uliopima wagonjwa 1,482 wa adenokasinoma barani Asia, ulipata asilimia 51.4. Kwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya takwimu inayonukuliwa ni kati ya asilimia 10 na 15.

Asilimia hizi husomwa darasani kana kwamba ni urefu wa mlima. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Namba ya IPASS iliundwa na wagonjwa waliochujwa kwa kuwa walitarajiwa kuwa na badiliko. Namba ya PIONEER iliundwa na wagonjwa wa aina moja ya saratani walioweza kufika hospitali zenye maabara ya jeni. Hakuna udanganyifu katika hilo, na watafiti wenyewe waliyaeleza masharti yao. Tatizo huanza masharti yanapodondoka njiani na asilimia ikabaki peke yake.

Mfano mkali zaidi unatoka Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima uvimbe wa Wamarekani Weusi 53 na kupata badiliko la EGFR kwa mmoja tu, yaani asilimia 2, ilhali kwa Wazungu waliolinganishwa nao ilikuwa asilimia 17. Mwaka 2011 utafiti mwingine ulipima uvimbe wa Wamarekani Weusi 121 na kupata asilimia 19, dhidi ya asilimia 13 kwa Wazungu. Katika miaka miwili watu wale wale walihama kutoka mkia hadi kuwa sawa au mbele kidogo. Miili yao haikubadilika kati ya 2009 na 2011. Kilichobadilika ni idadi ya waliopimwa, historia yao ya kuvuta sigara, mbinu za maabara na hospitali walikotoka. Daktari aliyeisoma namba ya kwanza peke yake angeweza kuona haina haja kumpima mgonjwa mweusi, na mgonjwa huyo angekosa dawa iliyomfaa. Sidhani kuna mfano bora wa kuonesha kwamba sampuli ndogo inaweza kumnyima mtu tiba.

Kuhusu Afrika Mashariki, vitabu hivyo hivyo huwa na mstari mfupi au havina kabisa. Msomaji wa Ngara akitafuta asilimia yake hukutana na ile ya Wamarekani Weusi, ambao mababu zao wengi walitoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati karne kadhaa zilizopita, na ambao wameishi, wamevuta hewa na wamevuta sigara katika mazingira mengine kabisa. Kwa kuwa badiliko hili hutokea maishani, mazingira ya kuishi yana uzito mkubwa hapa.

3.0 Hospitali za misheni na ramani ya Burkitt

Isidhaniwe kwamba eneo hili halijawahi kushiriki katika sayansi ya saratani. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, alianza kuwaona watoto wenye uvimbe wa taya uliokua kwa kasi ya kutisha. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958. Kisha akataka kujua uvimbe huo ulikuwa umeenea kiasi gani. Hakuwa na maabara ya kutosha wala fedha nyingi. Alikuwa na posta. Alituma picha na maswali kwa hospitali za serikali na za misheni katika sehemu nyingi za Afrika, akiuliza jambo moja: je, mmewahi kumwona mtoto kama huyu?

Tarehe 7 Oktoba 1961 alianza safari ya gari pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, madaktari wa misheni, kuelekea kusini mwa Afrika. Ilichukua takribani wiki kumi na maili zipatazo 10,000. Kutokana na majibu ya barua na ya safari hiyo ilichorwa ramani ya mkanda wa ugonjwa, wenye matundu mahali penye baridi na miinuko. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi, majirani wa Ngara, zilikuwa miongoni mwa matundu hayo. Tundu hilo lilikuwa na maana kwa sababu hospitali za huko ziliulizwa na zikajibu kuwa hazimwoni mtoto wa namna hiyo. Tofauti kati ya sifuri iliyoulizwa na sifuri isiyoulizwa ndiyo kiini cha makala haya.

Matokeo ya ramani yalikwenda mbali. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walieleza kirusi kilichopatikana katika seli za uvimbe huo, na uhusiano wake na malaria kali ya watoto ukaendelea kuchunguzwa. Katika miaka ya 1970 ikaonekana kwamba katika seli hizo kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kromosomu ya 14, na mwaka 1982 jeni iliyokuwa ikihamishwa ikatambuliwa kuwa ni MYC. Uhamaji huo wa 8 na 14 hupatikana katika takribani asilimia 80 ya wagonjwa, na waliobaki kwa kawaida huwa na MYC iliyohamia kwingine. Kwa maneno mengine, mojawapo ya mifano ya mwanzo kabisa ya badiliko la jeni lililofungamanishwa na saratani moja ya binadamu ilianzia kwa watoto wa Afrika Mashariki na daftari za hospitali zao.

Kwa nini mapafu hayakupata Burkitt wake? Rejista ya Saratani ya Kampala, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, iliorodhesha saratani chache za mapafu. Sehemu ya maelezo ni ya kweli na ya wazi: sigara za kiwandani zilikuwa chache na watu wachache waliishi hadi uzee. Sehemu nyingine ni ya namna ya kuona. Uvimbe wa taya ya mtoto huonekana kwa macho. Hata muuguzi asiye na eksirei anaweza kujibu barua ya Burkitt. Uvimbe wa pafu umejificha ndani ya kifua, nyuma ya kifua kikuu, na kuufikia kunahitaji sindano ndefu au kamera ya kupitishwa kooni, kisha mwanapatholojia. Rulenge, iliyofanywa makao ya jimbo Katoliki mwaka 1960, ilikuwa sehemu ya mtandao wa misheni ulioweza kujibu swali la taya. Swali la pafu halikuweza kujibiwa na mtandao huo, kwa hiyo halikuulizwa.

4.0 Kagera katika majedwali ya dunia: jeni za kimelea cha malaria

Ikiwa mtu atadai kwamba kupima jeni mkoani Kagera ni ndoto, malaria inamjibu. Hapa jeni inayopimwa ni ya kimelea, wala si ya mgonjwa, na badiliko husababisha dawa ishindwe badala ya kuifanya ifae. Hata hivyo mantiki ni moja: unachukua wagonjwa, unasoma jeni, unahesabu wangapi wana badiliko, na namba hiyo inaamua dawa.

Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 na kuingiza SP. Usugu dhidi ya SP ulipoongezeka, dawa mseto ya ALu ikaanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006. Kila badiliko la sera lilikuwa na alama yake katika jeni za kimelea. Kwa klorokwini alama ilikuwa katika jeni iitwayo pfcrt, iliyotambuliwa mwaka 2000. Malawi, iliyoiacha klorokwini mapema, mwaka 1993, inatupa simulizi ambalo kila mwanahistoria wa tiba anapaswa kulijua: kiwango cha vimelea vyenye badiliko la pfcrt kilikuwa asilimia 85 mwaka 1992 na kikashuka hadi asilimia 13 mwaka 2000. Dawa iliondoka, na vimelea vinavyoathirika nayo vikarejea. Tunalijua hilo kwa sababu damu ya mwaka 1992 ilikuwepo ya kulinganishwa na ile ya 2000. Bila sampuli ya mwanzo kusingekuwa na simulizi.

Kagera yenyewe ina historia ngumu na ugonjwa huu. Ni mkoa wa mpakani, wenye miinuko na mabonde ya mito, na watu wake wamezoea mlipuko kuwa jambo la msimu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda usiozidi siku mbili, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Desemba 1996 wakimbizi karibu nusu milioni walirejeshwa Rwanda. Huwezi kuzungumzia mpaka huu kana kwamba ni ukuta. Watu, ng'ombe, ndizi na vimelea vimekuwa vikipita pande zote mbili, kabla ya vita na baada yake.

Artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, ilipatikana na watafiti wa China, akiwamo Tu Youyou, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na dalili za usugu dhidi yake zilionekana kwanza magharibi mwa Kambodia. Mwaka 2014 alama yake ilitambuliwa katika jeni ya K13. Wengi walitarajia kwamba usugu ungeingia Afrika kutoka Asia, kama klorokwini ilivyofanya. Haikuwa hivyo. Mwaka 2020 Uwimana na wenzake walionesha kwamba nchini Rwanda, eneo la Masaka, badiliko la K13 liitwalo R561H lilikuwa katika vimelea vya wagonjwa 19 kati ya 257, yaani asilimia 7.4, katika sampuli za miaka ya 2013 hadi 2015, na kwamba lilikuwa limezuka hapa hapa Afrika.

Upande wa Tanzania, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wakiongozwa na Deus Ishengoma, pamoja na washirika wao wa nje, walikusanya matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi kutoka vituo vya afya vya mikoa kadhaa mwaka 2021. Mkoani Kagera badiliko la R561H lilikuwa asilimia 7.7, wilayani Karagwe lilifika asilimia 22.8. Uchunguzi ulionesha pia kwamba lina asili zaidi ya moja. Utafiti wa tiba uliofanyika Karagwe mwaka 2022 ulithibitisha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa vimelea vilikuwa bado vinaonekana siku ya tatu ya dozi, ingawa dawa iliendelea kuponya walio wengi.

Naomba msomaji aisimamishe namba hiyo ya 22.8 kichwani kwa muda. Ni namba inayotoka katika wilaya ya vijijini, kwa tone la damu lililochomwa kidoleni katika zahanati na kukaushwa kwenye karatasi isiyohitaji jokofu. Dunia iliitaka kwa sababu dawa mseto hutumiwa na mamilioni ya watu, na kushindwa kwake Karagwe ni onyo kwa nchi nyingi. Wagonjwa walihesabiwa kwa kuwa dawa ilikuwa tayari mikononi mwao.

5.0 Kurudi kwenye pafu

Tukizilinganisha historia hizi tatu, sababu ya ukimya wa saratani ya mapafu huanza kuonekana. Limfoma ya Burkitt ilihesabiwa kwa sababu ilionekana kwa macho na kuna mtu aliyeandika barua. Usugu wa malaria ulihesabiwa kwa sababu dawa ilikuwa imeenea na tone la damu lilitosha. Saratani ya mapafu haionekani kwa macho, haina dawa iliyoenea, na tone la kidoleni haliitoshi. Imekosa yote matatu.

Lakini ipo hoja ya kuihesabu sasa, na kwa Rulenge hoja hiyo ina tarehe. Wilaya ya Ngara ina mashapo ya nikeli ya Kabanga, yanayojulikana tangu miaka ya 1970. Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba wa kuyaendeleza, na mipango iliyotangazwa iliweka kiwanda cha kusafisha madini hayo Kahama. Mwaka 1990 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulizitambua kampaundi za nikeli kuwa zinasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi ulitoka hasa kwa wafanyakazi wa viwanda vya kusafishia, kama kile cha Clydach nchini Wales na kile cha Kristiansand nchini Norwei, ambako saratani za mapafu na za pua ziliongezeka mno miongoni mwa waliofanya kazi katika hatua zenye vumbi kubwa. Haki inatutaka tuseme wazi kwamba hatari iliyothibitishwa ni ya kiwanda na vumbi lake zaidi kuliko ya kuishi jirani na mgodi, na kwamba udhibiti wa vumbi wa leo si ule wa mwanzo wa karne ya 20. Swali la kihistoria linabaki: ikiwa baada ya miaka thelathini mtu atadai kwamba saratani ya mapafu imeongezeka Ngara, na mwingine akakana, wote wawili watalinganisha na nini? Malawi walikuwa na damu ya 1992. Ngara itakuwa na kivuli cha eksirei kilichoandikwa kifua kikuu.

Jambo la pili ni moshi wa jikoni. Nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo hupika kwa kuni, na anayekaa karibu na mafiga kwa miaka mingi ni mwanamke ambaye pengine hajawahi kushika sigara. Wakala huo huo umeuweka moshi wa kuni wa majumbani katika kundi la visababishi vinavyoelekea kusababisha saratani, na ule wa makaa ya mawe katika kundi la vilivyothibitishwa. Katika eneo la Xuanwei, mkoani Yunnan nchini China, ambako wanawake walipika kwa makaa ya mawe yenye moshi mwingi ndani ya nyumba zisizo na dohani, saratani ya mapafu ilikuwa nyingi mno kwa wanawake wasiovuta sigara, na sura ya mabadiliko ya EGFR katika uvimbe wao ikatofautiana na ile ya Asia kwa jumla. Kuni si makaa ya mawe, na sidai kwamba Ngara ni Xuanwei. Nasema kwamba Xuanwei inatufundisha kuwa hata ndani ya bara moja, asilimia ya jirani haitoshi. Mama wa Rulenge hawezi kupewa namba ya Tokyo, wala ya Chicago.

Aidha, sababu ya zamani ya kutopima, kwamba dawa yenyewe haipo, imepungua nguvu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka erlotinibu, dawa ya kundi moja na gefitinibu, katika orodha yake ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu wenye badiliko la EGFR. Kuwa katika orodha si kuwa rafuni mwa duka la dawa la hospitali, jambo ambalo kila mtu wa wilayani analifahamu. Hata hivyo nchi inayotaka kununua dawa hiyo inahitaji kujua itanunua kwa ajili ya wagonjwa wangapi kati ya mia: watano, kumi na tano au hamsini. Pengo kati ya namba hizo ni pengo la bajeti, na tumekwisha kuona jinsi sampuli ya watu 53 ilivyoweza kutoa 2 mahali ambapo sampuli nyingine ilitoa 19.

Mahali pa kuanzia hapana budi kuwa pa unyenyekevu. Tishu iliyochunguzwa na mwanapatholojia kwa kawaida huhifadhiwa katika kipande cha nta, na DNA yaweza kusomwa humo miaka kadhaa baadaye, mradi tishu haikukaa mno kwenye fomalini na kipande hakikupotea. Kwa hiyo swali la kwanza ni la makavazi kabla ya kuwa la maabara: vipande vingapi vya pafu kutoka kwa wakazi wa Kagera vimehifadhiwa katika hospitali za rufaa, Bugando na Taasisi ya Saratani Ocean Road, vina umri gani, na je, karatasi zake zinataja wilaya ya mgonjwa, jinsi yake, kazi yake na kama alivuta sigara? Daftari za MTUHA zinaweza kutuambia nani alikuja na kikohozi. Haziwezi kutuambia alipikia nini.

Njia ya pili ni ya damu. Tangu mwaka 2016 kipimo cha EGFR kinachotumia damu ya mgonjwa kimeidhinishwa nchini Marekani, kwa kuwa uvimbe huachia vipande vya DNA yake katika mzunguko wa damu. Kipimo hiki hukosa baadhi ya wenye badiliko, hasa uvimbe ukiwa mdogo, na jibu lake la hapana halina nguvu sawa na jibu lake la ndiyo. Tena si tone la kidoleni: huhitaji mirija ya damu, mashine ya kutenganisha utegili na seli katika saa chache, na ubaridi wa kutosha hadi maabara. Kati ya Rulenge na Mwanza saa hizo chache huishia barabarani, isipokuwa mashine ya kutenganisha iwe Rulenge penyewe.